Mashairi na Vyeo vya Dunia: Tunawafundisha Nini Vijana Wetu?



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mfalme ambaye ufalme Wake hauna mwisho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wetu wapenzi, katika toleo hili tumeona tuzungumze juu ya jambo lililotutokea sisi wenyewe katika madrasa yetu hapa Kanoni. Jambo lenyewe ni dogo, ni la daftari la mwanafunzi tu, lakini limetufanya tujiulize kama sisi walimu tunawafundisha vijana mashairi kwa njia inayompendeza Mwenyezi Mungu.

Wiki moja kabla ya mahafali tulimwita mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la juu, kijana mwenye kipaji cha utunzi, tukamwomba atuonyeshe utenzi atakaousoma mbele ya mgeni rasmi. Utenzi ulikuwa mzuri. Vina vimekaa mahali pake na mizani haikupungua. Lakini tulipofika ubeti wa tatu tuliona karatasi imechakaa kwa kukwaruzwa. Jina la mgeni rasmi lilikuwa limeandikwa pembeni, na kando yake kulikuwa na majina mengine mawili yaliyokatwa kwa mstari wa kalamu. Utenzi ulikuwa ule ule wa mwaka uliotangulia na wa mwaka wa nyuma yake. Sifa zilikuwa zile zile: simba, nguzo, mlima, mbalamwezi. Waheshimiwa watatu, kila mmoja amekuwa simba wetu kwa mwaka mmoja.

Tukamwuliza, "Kijana, hii vipi?"

Akatujibu bila wasiwasi wowote, "Ustadhi, yule wa kwanza si alishindwa uchaguzi? Na yule wa pili amehamishwa. Nikaona nibadilishe jina tu. Huyu wa sasa ndiye amenipa taabu kidogo, jina lake limezidi silabi moja."

Tulicheka sana siku ile. Hata hivyo siku ya mahafali yenyewe kicheko kilituisha. Utenzi ulisomwa, watu wakashangilia, mgeni rasmi akatabasamu na kutoa alichojaaliwa. Wakati huo huo tulimwona yule mheshimiwa wa kwanza, ambaye jina lake lilikuwa limekatwa, akiingia kwa mlango wa nyuma. Alitafuta mahali, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka nyuma ya akina baba wengine. Hakuna aliyesimama kumpisha. Beti zile alizisikia zote, na bila shaka alizikumbuka, maana miaka miwili nyuma alisomewa yeye.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipoona aibu. Kijana hakuwa na kosa. Sisi walimu ndio tuliomwambia, "Tunga beti za kumsifu mgeni," na hatukumfundisha zaidi ya hapo. Makala haya ni ya kujikosoa sisi kwanza, kisha ni ushauri kwa wenzetu wenye madrasa.

USHAIRI KATIKA UISLAMU

Baadhi ya watu hudhani kwamba Uislamu umeyakataza mashairi. Wengine hudhani kwamba shairi lolote likianza kwa Bismillahi basi limekuwa ibada. Rai zote mbili zina upungufu. Mwishoni mwa Sura Ash-Shu'araa, sura ya 26, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewalaumu washairi wanaohangaika katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Kisha akawatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Kwa hiyo lawama iko juu ya uongo na upayukaji.

Mtume (S.A.W.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit (R.A.), aliyeutetea Uislamu kwa ulimi. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliusifu ubeti mmoja wa Labid bin Rabia kuwa ndilo neno la kweli zaidi kupata kusemwa na mshairi. Ubeti huo unazungumzia kutoweka kwa kila kisichokuwa Mwenyezi Mungu. Tuzingatie hapo. Waarabu wa zama zile walikuwa na mashairi mengi ya kusifu makabila, farasi, panga na wafalme. Katika bahari hiyo yote, lililopewa daraja ya ukweli zaidi ni lile linalowakumbusha watu kwamba vitu hivyo vyote vitakwisha.

Kuna na kisa cha ngamia wa Mtume (S.A.W.) aitwaye Al-Adhbaa. Ngamia huyu hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, akampita. Masahaba wakaona uzito mioyoni mwao. Mtume (S.A.W.) alipoyaona hayo katika nyuso zao aliwaeleza kuwa ni haki kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakiinuki kitu hapa duniani ila hukishusha. Ikiwa ngamia wa Mtume mwenyewe amepitwa, ni cheo gani cha mmoja wetu ambacho hakitapitwa?

MSHAIRI ALIYEUSEMESHA MOYO WAKE

Katika lugha yetu ya Kiswahili tunao utungo mkubwa juu ya jambo hili, na kwa masikitiko tunasema kwamba wanafunzi wetu wengi hawajapata hata kulisikia jina lake. Utungo huo ni Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, katika visiwa vya Lamu na Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya ya leo. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni kufunuka, yaani jambo lililofichika kuwa wazi.

Ili tuuelewe utungo huu ni lazima tujue Pate ilikuwa nini. Katika karne ya 17 na ya 18 Pate ulikuwa mji wa kifalme wenye nguvu kubwa katika pwani ile. Majahazi yaliuunganisha na Arabuni na Bara Hindi. Matajiri walijenga nyumba za mawe zenye kuta zilizochongwa vidaka, na katika vidaka hivyo wakapanga vyombo vya kauri kutoka China. Kisha zikaja fitina za kugombea ufalme, vita na majirani, na biashara ikahamia kwingine. Katika miaka ya 1810 majeshi ya Pate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa yalishindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Tangu hapo Pate haikuinuka tena. Magofu yake yapo hadi leo, na watu wanalima kati ya kuta zilizobaki.

Sayyid Abdallah aliishi katika zama za kuanguka huko. Anatuonyesha nyumba zile zilipokuwa na taa, wageni, vitanda vya fahari na watumishi. Kisha anatuonyesha nyumba hizo hizo zikiwa na popo, buibui na wadudu, na majani yakiota vyumbani. Anawataja wakubwa waliotembea kwa kiburi shingo zimenyooka, halafu anatupeleka makaburini, mahali ambapo hakuna mto wa kulalia wala pazia. Mwishoni anazungumzia Akhera na moto.

Sasa tusimame kwenye jambo ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko mengine yote katika utungo huu. Sayyid Abdallah hamsemeshi sultani, wala hawasimangi maadui walioanguka. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauuliza moyo wake kwa nini umedanganyika, na kwa nini hauzinduki ilhali umeona kwa macho yaliyowafika wenzake. Watu wale wa Pate hawakuwa wageni kwake. Yeye alikuwa sharifu na mwanachuoni katika jamii ile ile ya wenye heshima. Alipoyaangalia magofu aliiangalia nyumba ya jirani, na akajua kuwa yake nayo iko katika mstari huo huo.

Hiyo ndiyo tofauti ya shairi la kweli na shairi la kejeli. Mtu yeyote anaweza kumcheka aliyeanguka. Kijana wetu naye angeweza kutunga beti za kumcheka mheshimiwa aliyeshindwa uchaguzi, na watu wangeshangilia vile vile. Lakini kumsifu aliye juu na kumcheka aliye chini ni kazi moja, maana zote mbili zinaangalia kiti tu. Anayetunga kama Sayyid Abdallah anawatazama wote wawili, aliye kitini na aliyetolewa, kisha anajiuliza, "Na mimi je?"

TUSIENDE MBALI, HAPA HAPA KARAGWE

Wanafunzi wetu huenda wakasema kwamba Pate ni mbali, ni habari za watu wa pwani. Basi na tuangalie hapa nyumbani.

Ardhi hii ya Karagwe na Kyerwa ilikuwa ufalme kwa karne kadhaa chini ya ukoo wa Bahinda. Makao makuu yalikuwa Bweranyange. Mnamo Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika wakapokewa na Omukama Rumanyika, na waliandika kwa mshangao juu ya ukarimu wake na utaratibu wa ikulu yake. Stanley naye alifika mwaka 1876. Ikulu ilikuwa na hazina ya vitu vya kifalme, kama mikuki na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma kwa ustadi mkubwa. Leo nyumba zile za miti na nyasi hazipo tena. Baada ya Rumanyika kufariki nasaba yake iligombana yenyewe kwa yenyewe, kisha wakaja Wajerumani, kisha Waingereza, na baada ya Uhuru wa 1961 Serikali iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Wapo wazee ambao katika ujana wao waliwaona watu wakipiga magoti mbele ya mtawala, na ambao katika uzee wao wajukuu zao wanawauliza Omukama maana yake nini.

Katika falme hizi za Kagera kulikuwa na ushairi wa namna mbili. Kwanza kulikuwa na majigambo ambayo Wahaya huyaita ebyebugo, shujaa akisimama mbele ya mtawala kujisifu na kuahidi ushujaa. Pili kulikuwa na enanga, zeze la kulala, ambalo mwimbaji hulipiga huku akisimulia habari za wafalme na mashujaa waliokwisha kupita. Marehemu Habibu Selemani wa Muleba, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa fundi mkubwa wa enanga, na Profesa Mulokozi ameandika juu yake na kazi yake. Tafakarini, enyi vijana. Wakati Habibu anaimba, wafalme wale hawakuwa tena na askari, wala kodi, wala ikulu. Walichobakiwa nacho ni nyuzi za enanga na pumzi za mwimbaji. Na mwimbaji mwenyewe naye sasa amekwenda.

Tunacho na kisa kingine ambacho Mwislamu wa Karagwe hapaswi kukikosa. Karibu na Bweranyange kulikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kilichoitwa Kafuro. Mmoja wa waliokaa hapo alikuwa Ahmed bin Ibrahim, ambaye Stanley alimkuta mwaka 1876. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1844, Ahmed alifika Buganda katika baraza la Kabaka Suna. Inasimuliwa kwamba alimwona Kabaka akiamuru watu wauawe, na hakuna katika baraza lile aliyethubutu kusema neno. Ahmed akasimama akamweleza mfalme kwamba watu wale wameumbwa na Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye aliyempa yeye ufalme, na kwamba kuwaua bila ya haki ni dhambi. Suna hakumdhuru. Alitaka kujua zaidi juu ya huyo Mungu aliye mkubwa kuliko Kabaka, na Ahmed akamsomea Qur'ani.

Hatuwatakasi wafanyabiashara wale, kwani biashara ya zama zile ilikuwa ya pembe za ndovu na pia ya watumwa, na hilo lina hesabu yake. Lakini neno lile la Ahmed lilikuwa la kweli, na lilisemwa mbele ya mtu aliyeweza kumkata kichwa palepale. Suna alifariki mwaka 1856, na Ahmed amekufa, na waliouawa na walioua wote wamekwenda. Neno limebaki. Hebu tujiulize, kama siku ile Ahmed angemsomea Kabaka beti za kumwita simba, leo tungekuwa na sababu gani ya kumtaja?

Na kwa wale wanaopenda habari za karibu zaidi, wazazi wetu hawajamsahau Idi Amin. Mwaka 1976 alitangazwa kuwa Rais wa Maisha. Alijipa na vyeo vingine vingi, kikiwemo cha kuwa mshindi wa himaya ya Uingereza. Ukiutazama ule mlolongo wa vyeo utaona kwamba ni utenzi wa sifa uliokosa vina tu. Novemba 1978 alitangaza kwamba ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera imekuwa yake, na daraja la Kyaka, tunalolivuka tukielekea Mutukula, likalipuliwa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitoka mikononi mwake naye akakimbia. Rais wa Maisha alitawala miaka 8. Alifariki ugenini, Jeddah, tarehe 16 Agosti 2003. Alikuwa Mwislamu mwenzetu, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Sisi hatumtaji ili tumcheke. Tunamtaja kwa sababu walikuwepo watu waliomshangilia kila cheo kilipoongezwa, na miongoni mwao hapana shaka walikuwemo wenye vipaji.

"LAKINI MGENI RASMI NDIYE ANAYETULETEA MABATI"

Tunajua hoja watakayotujibu wenzetu, kwa sababu na sisi tumeisema katika vikao. Watasema, madrasa hazina mfuko. Mgeni rasmi akisifiwa hufurahi, na akifurahi hutoa. Mabati yaliyo juu ya darasa letu la pili yalipatikana namna hiyo hiyo. Je, tukiacha kumsifu mgeni, mvua za masika zitusubiri?

Hoja hii ni nzito na hatuidharau. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo kumshukuru aliyetoa ni wajibu wetu. Lakini shukrani na sifa ni vitu viwili mbalimbali. Shukrani inasema kitu kilichotendeka: fulani ametoa mabati 30, yamefika, yamepigwa, watoto hawanyeshewi tena. Ukiyasoma maneno haya katika risala kila mtu atayathibitisha kwa kuinua macho juu. Sifa inasema kisichokuwepo, kwamba fulani ni simba na ni mlima. Na imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Mtume (S.A.W.), Mtume akamwambia kuwa amemkata shingo mwenzake. Sisi tulimwona mtu aliyekatwa shingo kwa namna hiyo. Amekaa kwenye mkeka nyuma ya watu, akisikiliza utenzi wake ukisomewa mtu mwingine.

Tena tumeona kwa uzoefu kwamba shukrani hudumu kuliko sifa. Jina la aliyetoa mabati likiandikwa katika daftari la madrasa halikatwi hata akiacha cheo, kwa sababu mabati bado yapo. Jina lililoandikwa kwa ajili ya cheo hukatwa siku cheo kinapoondoka.

Wapo watakaosema pia kwamba mashairi ya mauti na magofu yatawatisha watoto na kuwakatisha tamaa ya kusoma. Wazazi wetu, hatutaki mtoto akichukie cheo. Tunataka madaktari, wahandisi, madiwani na wabunge watoke katika madrasa hizi, inshaallah. Tunachotaka ni kwamba siku atakapokikalia kiti ajue ameazimwa. Anayejua kwamba kitu ameazimwa hukitunza na huogopa siku ya kukirudisha. Katika Sura Al-Haaqqa, sura ya 69, Mwenyezi Mungu ametueleza habari ya mtu atakayepewa kitabu chake kwa mkono wa kushoto, akalia kwamba mali yake haikumfaa kitu na kwamba madaraka yake yamempotea. Ni bora mtoto ayasikie hayo akiwa na miaka 12 kwenye mkeka wa madrasa kuliko kuyasikia siku ile.

NA SISI WENYE FIMBO

Tumesema mwanzoni kwamba tunajikosoa sisi kwanza. Mwalimu wa madrasa naye ana ufalme wake. Ana fimbo, ana kengele, ana watoto 60 wanaonyamaza akiingia. Mjumbe wa kamati ya msikiti ana ufunguo wa sanduku. Baba nyumbani ana sauti. Hizi ni falme ndogo, na kiburi chake hakina tofauti na kile cha Pate.

Tunamkumbuka mwalimu aliyetufundisha sisi Juzuu Amma. Tulikuwa tukisikia kikohozi chake njiani, darasa lote linakuwa kimya kama kaburi. Leo macho yake hayaoni vizuri, na mjukuu wake ndiye anayemshika mkono kumleta msikitini. Wanafunzi wake wa zamani wanaokimbilia kumpokea ni wale aliowafundisha kwa huruma. Wale aliowapiga sana humwamkia kwa adabu, kisha wakapita. Yeye mwenyewe alituambia siku moja, "Wanangu, fimbo niliiacha miaka mingi, lakini nyinyi bado mnaikumbuka." Tangu siku ile tumekuwa tukiitazama fimbo yetu kwa jicho jingine.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto utungo kama Al-Inkishafi aanze kwa kuusemesha moyo wake. Mtoto ni mwepesi wa kuona. Akituona tunamwinamia mgeni na kumkemea mpishi, hatalishika somo letu hata tukilisoma kwa sauti nzuri namna gani.

MAPENDEKEZO YETU

Kwa ufupi tunapendekeza mambo matatu kwa madrasa yetu na kwa jirani zetu.

Kwanza, katika mahafali na Maulidi, mgeni rasmi ashukuriwe ndani ya risala kwa maneno ya kawaida yenye kutaja alichokifanya. Utenzi wa wanafunzi usitaje jina la aliye hai mwenye cheo. Sifa za kishairi tumwachie Mtume wetu (S.A.W.), ambaye hatashindwa uchaguzi wala hatahamishwa.

Pili, wanafunzi wa darasa la juu wasomeshwe beti chache za Al-Inkishafi kila mwaka pamoja na maelezo yake, kwani Kiswahili chake ni cha kale na kinahitaji mwalimu. Aidha, waulizwe nyumbani kwa babu na bibi zao habari za Bweranyange na Kafuro, wakazilete darasani.

Tatu, wanafunzi wafundishwe kutunga kutokana na vitu wanavyoviona. Si lazima kila shairi liwe na simba, ambaye wengi wao hawajapata kumwona. Hapa tuna migomba, mibuni, ukungu wa asubuhi, makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Yote hayo yanafundisha.

Pendekezo hili la tatu tumekwisha kulijaribu. Baada ya mahafali tulimrudia yule kijana wetu, tukamwomba atunge ubeti mmoja tu ambao hautahitaji kubadilishwa jina mwakani. Alikaa kimya siku nne, tukadhani amekasirika. Siku ya tano alileta daftari. Kwa idhini yake na ya wazazi wake tunauandika hapa:

Mgomba wa baba yangu
Uliobeba mkungu
Ukatwapo, walimwengu,
Mwanawe huchipukia.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kufafanuliwa. Kila mmoja wetu anajua kwamba mgomba huzaa mkungu mmoja tu. Unapokuwa mrefu kuliko yote shambani, umeinama kwa uzito na watu wanausifu, ndipo panga linapoandaliwa. Na chini yake tayari pana chipukizi, ambalo nalo litasifiwa na litakatwa. Mgomba wenye akili, kama ungekuwa na akili, ungeshughulika na mkungu wake uwe mzuri, usishughulike na urefu wake.

Ubeti huu tumeubandika ukutani katika darasa la pili, chini ya mabati yale. Na yule mheshimiwa aliyekaa kwenye mkeka alikuja wiki iliyopita kumchukua mtoto wake, akausoma akiwa amesimama mlangoni. Akauliza ni nani aliyeutunga. Tulipomwonyesha kijana, alimpa mkono, akamwambia, "Huu ni wangu pia." Kisha tukamwomba radhi kwa yale ya siku ya mahafali, naye akatusamehe. Alhamdulillahi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie sisi na watoto wetu tuwe na ndimi zenye kusema kweli. Awajaalie wenye madaraka miongoni mwetu wayatumie kwa uadilifu kabla hayajaondoka. Awarehemu wazee wetu waliotangulia, wafalme wao na raia wao. Na atupe makazi mema katika ufalme usiokuwa na mwisho. Amin.

Wabillahi tawfiq.